Gobore Lililokohoa Kwanza

Kaka yangu Athuman Mdoe, mwindaji wa Mazingara, alifariki mwanzoni mwa Rajabu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Waliokuja matangani walimtaja kwa nguruwe aliowafukuza mashambani mwao. Mimi namkumbuka zaidi kwa gobore alilolichagua mwaka wa Uhuru.

Ilikubaliwa kwamba wawindaji wapige baruti siku ya kupandisha bendera. Athuman alikuwa na gobore lake la fataki, kile kifuniko kidogo kinacholipua baruti papo hapo kikigongwa, zuri tu. Lakini bibi yetu Swaumu, aliyekuwa amepofuka, alitamani kusikia tena gumegume, gobore la zamani linalowashwa kwa cheche za jiwe, kama la baba yake. Alikuwa amedhoofika, na Athuman alihofia kwamba hatafika mwaka mwingine.

Tukaenda Korogwe, mtaa wa Manundu, kwa Lukasi, fundi wa magobore. Alikuwa na mawili ya kizamani. Moja lilisuguliwa likang'aa, lina nakshi za shaba kwenye kitako. La pili lilifungwa kwa ngozi iliyokauka.

“Chukua hili, shehe,” Lukasi alisema, akiligusa lenye nakshi. “Utaonekana bwana harusi.”

“Anayelingoja haoni,” Athuman akajibu. “Yapige yote mawili.”

Lukasi akatoka uani, akashindilia baruti bila risasi. Athuman akafumba macho. La nakshi lililia papo hapo. La pili lilitoa mlio mdogo, tss, ndipo likalipuka.

“Ni hili,” Athuman alisema. “Bibi anasema la baba yake lilikohoa kwanza. Hilo la shaba umelitia fataki.”

“Nimelitia, watu wanataka upesi,” Lukasi akacheka. “Sijapata kuona mtu anachagua bunduki yenye pumu.”

Akatuazima.

Siku ya bendera kulikuwa na manyunyu. Tulimkalisha bibi barazani. Wawindaji wengine walipiga, naye hakugeuza kichwa. Zamu ya Athuman ilipofika, cheche ziliruka lakini baruti haikuwaka.

“Kalime, Mdoe,” mtu akamtania, watu wakacheka.

Athuman akafuta baruti iliyolowa, akatia kavu, akaikinga kwa upindo wa kanzu, akasema bismillahi. Gobore likakohoa, kisha likanguruma.

“Baba huyo,” bibi alisema, akacheka hadi akashika mbavu. Jioni ile alitusimulia jinsi baba yake alivyowavusha watoto mtoni mwaka wa njaa, habari ambazo hatukuwa tumewahi kuzisikia.

Juzi niliwasimulia watoto wa Athuman hadithi hii. Sasa wanataka niianze tena, tangu mtoni.