Nelima na nukta nyekundu iliyokataa kuwa duara

Saa tatu asubuhi, nje kidogo ya mji wa Kitale, Phanice Nelima amepiga goti nyuma ya gunia la mchanga. Bunduki ameiegemeza begani. Hatua ishirini na tano mbele yake kuna kipande cha katoni kilichochorwa mbwa kwa makaa.

Anavuta pumzi. Kidole chake hakijafika kwenye kifyatulio.

"Unaona nukta?" anauliza Mzee Kemboi, fundi wa bunduki, aliyesimama nyuma yake.

"Naona."

"Iko mviringo?"

"Iko sawa," Nelima anajibu.

Haiko sawa, na anajua. Lakini hilo atalisema siku nyingine, akiwa nyumbani kwake Bungoma, kwa sauti ndogo, huku akiangalia mlango.

Nelima ana miaka 48. Ni mfanyakazi wa mifugo Bungoma. Siku nyingi huzunguka na sanduku la barafu akichanja mbwa. Lakini mbwa mwenye kichaa akiingia kati ya watu, simu hupigwa kwake, na yeye huenda na bunduki.

Amefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Amepiga mbwa sitini na watatu.

"Wote nawakumbuka," anasema.

Bunduki yake ni ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani. Haitoi risasi moja. Hutoa vidonge vidogo vingi kwa mpigo mmoja, na kadiri vinavyokwenda ndivyo vinavyotawanyika.

"Hapo ndio hofu yangu iko," anaeleza. "Risasi moja unajua imeenda wapi. Hii ni kama mtu amerushia kuku mahindi."

Kwa sababu hiyo ana utaratibu wake, na watu wa masoko ya Chwele, Kamukuywa na Bokoli wanaujua. Akifika, hupuliza filimbi mara tatu. Watu wote huketi. Mwenye meza hupanda juu ya meza. Mwenye gunia hukaa juu ya gunia na kukunja miguu. Hakuna kukimbia, kwa maana anayekimbia hufuatwa na mbwa, na mbwa hufuatwa na mtutu.

Kisha Nelima hupanda juu ya mkokoteni, ili vidonge viende chini na kuzama kwenye udongo. Halafu huuliza swali moja: mwenye mbwa ni nani?

Mwenye mbwa akipatikana, huombwa amwite mbwa wake kwa jina.

"Hata akiwa na kichaa, jina lake bado analijua kidogo," anasema Nelima. "Anasimama, ni kama anakumbuka kitu. Hapo ndio napiga. Wengine wananilaani. Mama mmoja aliniambia, 'Umenifanya nimwite mtoto wangu akufe.'"

Sokoni humwita Mama wa Mbwa. Vijana wa bodaboda wakimwona hutania: "Mama wa Mbwa, leo umekuja kutuchanja ama kutupiga?" Naye huwajibu, "Wewe nitakuchanja kwanza, umechelewa."

Utani huo ulikwisha mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya soko, Chwele.

Mbwa wa rangi ya majani makavu alikuwa amesimama kati ya wauza samaki, mate yakimtoka. Watu walikuwa wameketi. Nelima alikuwa juu ya mkokoteni. Kwenye ncha ya mtutu wa bunduki yake kuna shanga ndogo ya shaba ambayo mpigaji huitumia kulenga. Siku hiyo aliona shanga mbili.

"Nikachagua moja," anasema.

Mbwa alianguka. Lakini kidonge kimoja kilipita pembeni na kugonga ukingo wa karai la omena la Rosaline Wabwile, vidole vinne kutoka kwenye goti lake.

"Nilisikia tu ngii," anasimulia Rosaline, ambaye bado anauzia omena kwenye karai hilo lenye kovu. "Nikadhani mtu ametupa shilingi kumi kwa karai. Natafuta mteja, mteja haonekani. Kuangalia vizuri, ni risasi, bana."

Nelima alishuka, akampa pole, akarudi ofisini. Mkubwa wake, Daktari Lorna Jerono, alimuuliza kilichotokea.

"Nilisingizia shanga," Nelima anasema sasa. "Nilimwambia daktari ati shanga imeisha, haionekani. Daktari akaniamini. Akasema, basi tutakununulia kilengeo cha kisasa, uende Kitale uchague mwenyewe."

Kilengeo hicho ni kijisanduku chenye kioo kinachofungwa juu ya bunduki. Taa ndogo iliyo ndani hutupa nukta nyekundu kwenye kioo. Mpigaji huacha macho yote mawili wazi, akaiweka nukta juu ya kile anachotaka kupiga. Hahitaji kupanga shanga na shabaha.

Mzee Kemboi, fundi aliyesajiliwa na ambaye zamani alikuwa askari, alimwekea vinne juu ya gunia.

Cha kwanza kilikuwa cha bei ya chini, Sh6,000. Jua lilipopanda, nukta ikapotea kabisa. Cha pili kililegea baada ya risasi ya saba. "Bunduki ya marisau inapiga teke kama punda," Kemboi alimwambia. "Kitu chochote cha mchezo itakitupa." Cha tatu kilikuwa na kioo kidogo kilicho wazi. Kemboi alikinyunyizia maji kidogo, na nukta ikageuka kuwa nukta kumi. "Mvua ya huku kwetu unaijua, mama. Hiki utakilaani."

Cha nne kilikuwa kama kipande cha bomba, kioo mbele na kioo nyuma. Kilivumilia risasi thelathini. Nukta yake ilionekana juani.

Lakini katika vyote vinne, Nelima hakuwahi kuona nukta ya mviringo. Aliona kitu chenye mkia, kama punje ya mtama iliyokanyagwa.

Alidhani ni betri. Kemboi akabadilisha betri. Akadhani ni mwanga mkali. Kemboi akaupunguza. Mkia ukabaki.

"Nikamwambia iko sawa, iko sawa. Lakini yule mzee si mjinga," anasema Nelima.

Kemboi alimwomba simu yake. Akamwambia aiweke nyuma ya kilengeo, mahali ambapo jicho hukaa, apige picha. Nelima akapiga. Kwenye picha kulikuwa na nukta moja, ndogo, mviringo, kama tone la damu.

"Simu haina ugonjwa wa macho," Kemboi alimwambia polepole. "Kilengeo ni kizima, mama. Bunduki ni nzima."

Nelima aliketi juu ya gunia la mchanga. Hakufikiria kazi kwanza. Alifikiria goti la Rosaline.

"Nilijiuliza, ni mara ngapi? Hao mbwa sitini na watatu, ni mara ngapi nilikuwa napiga mkia wa kitu, na Mungu ndiye alikuwa analenga?"

Kazi ilikuja baadaye, na hofu yake ikaja nayo. Mtu asiyeona vizuri hawezi kubaki na silaha. Akirudisha bunduki, anapoteza posho ya Sh3,500 kwa mwezi, ile inayomlipia binti yake chumba chuoni. Zaidi ya hayo, aliogopa kuambiwa kwamba alikuwa amedanganya, kwa sababu alikuwa amedanganya.

Alimwomba Kemboi asiseme. Mzee hakukubali wala hakukataa. Alikifungua kilengeo cha nne, akakirudisha kwenye boksi lake na kuandika jina la Nelima juu yake kwa kalamu.

"Nitakuwekea," alisema. "Lakini sikifungi kwa bunduki leo. Rudi ukiwa na macho."

Kwa siku nne Nelima alikaa kimya. Simu ikilia, aliitazama kwanza kabla ya kuipokea. Hakuogopa mbwa peke yake. Aliogopa pia kwamba ataitwa, ataenda, na atapiga kama kawaida.

Sababu ya kuingia kazi hii haikuwa bunduki. Nelima akiwa na miaka tisa, kwao Bokoli, dada yake mkubwa Nakhungu aling'atwa kisigino na mbwa wa jirani. Kidonda kilipona. Wiki ya sita, Nakhungu alianza kuogopa maji.

"Alikuwa na kiu. Anaomba maji. Ukileta kikombe, koo linamkaba, anakisukuma, halafu analia anaomba tena," anasema Nelima. "Mimi ndiye nilikuwa nashika kikombe, mpaka alipokufa."

Kwa hiyo anajua vitu viwili. Anajua mbwa mmoja anaweza kufanya nini, na anajua kidonge kimoja kinaweza kufanya nini. Kwa siku hizo nne alikuwa katikati.

Siku ya tano aliingia kwa Daktari Lorna na kuiweka bunduki mezani, ikiwa tupu.

"Shanga haikuwa na makosa," alimwambia. "Ni mimi."

"Nilikasirika, sitaficha," anasema Daktari Lorna. "Angeweza kuua mtu. Halafu nikafikiria, ni wangapi wangekuja wenyewe?" Aliifungia bunduki stoo na kumwandikia barua ya kwenda kupimwa macho. Hadi jambo la macho liishe, mbwa yeyote mwenye kichaa atapigwa na askari polisi.

Katika kliniki ya macho mjini Bungoma, Nelima aliambiwa kwamba mbele ya jicho lake la kulia hapajaviringana vizuri, pamepinda kama upande wa yai. Pengine alizaliwa hivyo, na umri umeongeza. Miwani ingemsaidia. Ingechukua siku kumi na mbili.

Siku ya nane ya kuingoja miwani, simu ilitoka Chwele. Aliyepiga alikuwa Rosaline.

"Mama wa Mbwa, kuja. Iko hapa, inazunguka meza."

Nelima alienda na filimbi tu. Askari alikuwa njiani, lakini alikuwa mbali. Alipopuliza mara tatu, soko zima liliketi na kumtazama mikono.

"Bunduki iko wapi?" Rosaline aliuliza kutoka juu ya meza yake.

"Iko stoo. Macho yangu si mazuri. Hata ile siku ya karai, hayakuwa mazuri."

Mbwa, mweusi, alikuwa kama hatua kumi na tano kutoka kwao, akigonga kichwa kwenye mguu wa meza.

"Sasa wewe ndio unaniambia leo?" Rosaline alisema.

"Ndio nakuambia leo."

Rosaline alimtazama. Kisha akasogeza karai, akanyoosha mkono na kumvuta juu ya meza. Wakakaa hapo wakiwa wamekunja miguu, mabega yakigusana, dakika arobaini. Kila mara mtu alipotaka kukimbia, Nelima alipuliza filimbi. Mtoto mmoja alianza kulia, na mama yake akamziba mdomo kwa kitambaa.

Askari alipofika, Nelima alimwonyesha mkokoteni wa kupanda. Akauliza mwenye mbwa. Mzee mmoja alisimama nusu, akavua kofia, akaita jina. Mbwa akasimama. Mlio ulikuwa mmoja.

"Nilifumba macho," Nelima anasema. "Mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja, nilikuwa na ruhusa ya kufumba macho."

Miwani itakuwa tayari Ijumaa. Jumatatu atarudi Kitale, ambako boksi lenye jina lake bado liko kwenye rafu ya Kemboi. Anapanga kuitazama tena katoni yenye mbwa wa makaa kupitia kilengeo, kabla ya kuweka risasi. Akiona duara, atapiga risasi thelathini mbele ya Daktari Lorna, na daktari ndiye atakayeamua. Akiona mkia, hata mdogo, bunduki itabaki stoo, na yeye atabaki na filimbi na sanduku la barafu.

Msimu uliopita alichanja mbwa 640. Mwaka huu anataka kufikisha elfu moja, ili mbwa wa kupigwa wapungue na asiulizwe tena kama anaona.

Rosaline naye amemwambia kwamba siku atakayorudi Chwele na miwani, atamwekea karai mbali na kumwuliza anaona makovu mangapi.

"Liko moja," Nelima anasema. "Hilo nalijua hata nikifumba macho."