Leonidas haitikii hodi mpaka mshale ufike sifuri

Saa nne kasoro asubuhi ya Jumamosi, kijijini Ihanja. Upepo unasukuma vumbi chini ya mlango wa chumba cha uani. Ndani, Leonidas Mughwai, fundi redio mwenye miaka hamsini na moja, anaagana na mtu aliye maelfu ya kilomita kutoka Singida. Anataja jina lake la hewani, anashukuru, anaachia kitufe cha kipaza sauti. Kisha anaingiza mkono wa kushoto mfukoni na kupaza sauti kuelekea jikoni.

"Kimya?"

"Kimya!" anajibu mkewe, Rebeka, bila kuinua macho kwenye ungo wa mlenda.

"Imepumzika?"

"Imepumzika!"

"Feni?"

"Izunguke!"

Mpita njia angedhani wanasali. Hivi ndivyo mume na mke hawa wanavyozima mashine, hatua kwa hatua: iache kurusha sauti, ipumzishwe, kisha feni iipoze.

Mashine yenyewe ni amplifaya, sanduku la bati lenye ukubwa wa kreti ya soda, ambalo Leonidas aliliunda kwa miaka mitatu. Kazi yake ni kuipa nguvu sauti ya redio yake ndogo ya mawasiliano ili ivuke mipaka. Ndani yake mna valvu, taa nene ya kioo inayotoa joto kama jiko, ndiyo maana feni huachwa izunguke dakika tano kabla ya kuzima. Mna pia kapasita, makopo yanayotunza volti elfu mbili na mia tano, na yanaweza kuendelea kuzitunza hata waya ukishachomolewa ukutani.

"Watu wanaogopa mashine inayowaka," anasema Leonidas. "Mimi naogopa iliyozimwa. Inayowaka inanguruma, unajua ipo. Iliyozimwa imenyamaza, na wewe unaisogelea kama rafiki."

Redio hiyo haimwingizii hata senti, kwa sababu leseni yake ni ya ridhaa na inakataza biashara. Kinachomlisha ni redio, simu na vipaza sauti vya makanisa na misikiti anavyovitengeneza kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu. Siku nzuri hupata shilingi elfu kumi na tano. Siku mbaya hupata salamu tu.

Wapo wanaomcheka kwamba anachoma umeme kuongea na watu asiowajua. Wacheke! Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuokota bati na nyaya za kutupwa akavifanya vizungumze na dunia.

Kwa sababu ya vumbi, kila Jumamosi baada ya kuzima hufungua kifuniko na kupiga brashi ndani. Hapo ndipo inapohitajika fimbo yake: mpini wa bomba la plastiki, ncha ya shaba, na waya mnene uliofungwa kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Akigusisha ncha kwenye kapasita, umeme uliobaki humwagika ardhini.

Miaka saba iliyopita hakuigusisha.

Siku hiyo alikuwa ameshachomoa waya na kufungua kifuniko, fimbo mkononi, jirani yake Mzee Idrissa alipopiga hodi. Huku wilayani Ikungi, mkubwa hasubirishwi mlangoni. Leonidas akaegemeza fimbo ukutani, akatoka. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, habari za ng'ombe. Aliporudi aliikuta fimbo ukutani, mahali inapokaa kazi ikiisha. Akaamini kazi imeisha. Mshale wa kipimo cha volti hakuutazama, wala hakujua kwamba kifaa cha kumwaga umeme polepole kilikuwa kimeungua. Akaingiza mkono.

"Nilijikuta nimekaa mlangoni. Nilifikaje pale, sijui mpaka leo," anasema. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. "Huu wa kushoto ulikuwa mfukoni. Ungekuwa umeshika bati, umeme ungepita kifuani."

Tangu hapo akaweka sheria: akianza kuzima, hamsalimu mtu, awe mdogo, awe mkubwa. Maswali na majibu aliyaleta Rebeka.

"Mwanaume akijiuliza mwenyewe anajijibu anavyotaka," anasema mama huyo. "Mimi nikiwa jikoni simwachi aruke hatua."

Lakini waliificha ajali hiyo kwa watu wa Mgori, nyumbani kwao Rebeka. Leonidas aliwaambia wakwe zake kwamba vidole vilibanwa na mlango. Aliogopa baba mkwe wake, Mzee Emilian, angesema binti yake analala jirani na kifo.

Uongo huo ukamgharimu. Miaka miwili iliyopita Mzee Emilian alifika bila taarifa, jogoo kwapani, Rebeka akiwa shambani. Akapiga hodi mara tatu. Kupitia mlango wazi aliuona mgongo wa mkwe wake. Mkwe akainua mkono bila kugeuka. Leonidas alipotoka, alimkuta jogoo amefungwa kwenye nguzo ya uzio. Mwenye jogoo alikuwa ameshaondoka.

Mara mbili alikwenda Mgori kuomba radhi. Alipokelewa, akalishwa, akajibiwa vilevile: "Nyumba niliyoonyeshwa mgongo, njia yake siijui."

Wiki iliyopita Rebeka alichoka. Alikwenda Mgori na kumweleza baba yake ukweli wote, vidole, fimbo na mlango usiohusika. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

Jumamosi hii, feni bado inazunguka hodi inaposikika uani.

Rebeka anaacha ungo na kukimbia. Leonidas ameitambua sauti. Mabega yanapanda, mguu mmoja unageuka kuelekea mlangoni. Kisha anaurudisha. Anasubiri dakika zitimie, anabonyeza swichi, feni inasimama.

"Umeme?" anauliza.

Jikoni hakuna mtu wa kujibu. Anauliza tena.

"Rebeka, hilo linajibiwaje?" inasikika sauti ya Mzee Emilian kutoka mlangoni.

"Sema chomoa, baba."

"Chomoa!"

Leonidas anachomoa waya. Hageuki. Mshale unashuka taratibu mno, na watu watatu wanautazama.

"Sifuri," anasema hatimaye, na kufungua kifuniko. "Fimbo?"

"Gusa, baba," Rebeka ananong'ona.

"Gusa!" anapaza mzee, kama anayeswaga ng'ombe.

Shaba inagusa kapasita. Hakuna cheche. Ndipo Leonidas anapogeuka na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lete huo mkono."

Mzee Emilian, mwenye miaka sabini na minane, anajaribu kukunja vidole viwili visivyokunjika. Anavishika kwa muda mrefu.

"Mlango ndio uliofanya hivi?"

"Hapana, baba. Niliogopa utamchukua binti yako."

"Ningemchukua. Na jogoo wangu pia."

"Jogoo tulishamla, baba," anasema Rebeka, machozi na kicheko vikigombania uso wake.

Sasa Leonidas anapanga kufunga taa nyekundu juu ya mlango, izimike mshale ukifika sifuri, ili mgeni ajue kwamba hajadharauliwa, ila amesubirishwa. Chini ya taa anataka benchi la wakubwa. Mzee Emilian, aliyekuwa seremala, amedai benchi ni kazi yake.

"Ya mafundi redio nimeyaona, yanayumba," anasema.

Anaketi kwenye kigoda, mlenda unaletwa, ugali unakatwa. Katikati ya tonge anainua macho kwa mkwe wake.

"Jumamosi ijayo unazima saa ngapi?"

"Saa nne, baba."

"Nitajibu mimi. Huyu achambue mlenda wake."