Chini ya Chaki ya Bluu

Mimi mdomo wangu hauna breki. Niliseme hilo mapema, baadaye nisije nikaonekana najifanya malaika. Nikiona pindo limepinda nasema, nikiona sahani ya jana haijaoshwa nasema, na mume wangu, ambaye mtaa mzima humwita Fundi na mimi pia humwita hivyo hivyo, hunijibu kwa kupuliza chaki mezani kana kwamba vumbi ni mimi. Tumeishi hivyo miaka ishirini na miwili. Yeye hukata, mimi hushona na kupiga pasi, na binti yetu wa pekee, tuliyempa jina la utani Sindano kwa wembamba wake, anajifunza kukata tangu alipomaliza shule mwaka jana.

Duka ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Meza ya kukatia imekaa katikati, ndefu kuliko kitanda, na juu yake kuna kopo la vipande vya chaki. Sheria ya kopo hilo aliiweka baba mkwe: kila mkataji na rangi yake. Fundi ni bluu. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, alikuwa nyeupe. Sindano tulimpa njano. Nguo ikirudi imeharibika, huna haja ya kuuliza nani kakata. Unafumua mshono, unageuza kitambaa, unasoma rangi pembeni, na mwenyewe anaulizwa. Baba mkwe alikuwa akisema chaki haina undugu.

Kipande cha nyeupe bado kimo koponi. Hakuna anayekitumia na hakuna anayekitupa.

Sasa niseme juu ya mgeni. Ndivyo ukoo wa mume wangu unavyouita ugonjwa wao, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsema jirani aliye dirishani. Daktari alituandikia jina lake halisi kwenye karatasi, refu, la kigeni, na karatasi yenyewe sijui iko wapi. Maelezo ndiyo hayakunitoka. Ni ugonjwa wa kurithi. Mtu huzaliwa nao umejificha, anaishi miaka na miaka hana habari, halafu ubongo unaanza kuharibika kidogo kidogo. Vidole hucheza vyenyewe. Mguu hujirusha. Mpole anakuwa mkali, mcheshi anakuwa bubu, na mwishowe hata kumeza maji ni kazi. Dawa ya kuuondoa hakuna. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ni kama sarafu iliyorushwa juu, itaangukia upande huu au upande ule.

Baba mkwe watu walimwita mlevi, naye pombe hakuwahi kuionja. Shemeji walisema karogwa. Yeye nilimwona kwa macho yangu, na kwake mgeni alianzia kwenye chaki. Mtu aliyekuwa akichora mstari kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo bila rula, akaanza kuchora mistari yenye mawimbi. Tuliuona ugonjwa kwenye kitambaa kabla ya kuuona mwilini. Tulimzika ana miaka arobaini na minane, akiwa hawezi kushika kijiko, na tangu siku ile nimekuwa na kazi ambayo hakuna aliyeniajiri: kumchunguza Fundi.

Fundi ana miaka arobaini na mitatu. Kupimwa alikataa. "Nikishajua nifanye nini? Nitakata vizuri zaidi?" Mwaka juzi nilimburuta kwa daktari, akakaa pale kama mtoto aliyefungiwa chumbani. Mara ya pili alikwenda mwenyewe, akarudi akasema, "Ni yale yale." Sikumhoji. Nikabaki mimi na mikono yake tu. Kikombe kikitua kwenye kisahani kimya, nalala. Kijiko kikigonga sahani mara mbili, silali. Nimemtazama mtu huyu kuliko nilivyomtazama tukiwa wachumba, na wakati ule, nisiseme uongo, nilikuwa sibandui macho.

Sindano sikuwa nikimchunguza. Sindano nilikuwa nikimgombeza.

Na sababu za kumgombeza hazikukosekana. Mwaka wake wa mwisho shuleni mwalimu alituita akatufungulia daftari. Mwandiko uliokuwa ukisifiwa ulikuwa umesinyaa, herufi zimelaliana chini ya mstari. Nikasema uvivu. Alama zikashuka, nikasema simu. Alipoanza kutembea kizito, magoti hayakunjiki vizuri, nikamwita Bibi Harusi, maana maharusi ndio wenye mwendo huo. Nikamwita goigoi. Akiangusha kitu namuuliza, "Una vidole au una vijiti?" Naye anacheka. Ana kicheko kizuri mtoto yule, kinamtoka chote. Siku moja akaniambia, "Mama, wewe siku ukiacha kunigombeza, nitajua nimekwisha."

Mwezi uliopita tulipata kazi ya suruali arobaini za walinzi wa kampuni moja. Tulipopeleka kundi la kwanza, zikarudi tatu. Msimamizi wao, bwana mmoja ambaye tumbo humtangulia mlangoni, alizitupa mezani akasema mguu mmoja unakwenda kazini na mwingine unakwenda likizo. Nikacheka, nikamwomba radhi, nikangoja atoke. Kisha nikazifumua, nikageuza kitambaa, nikasoma pembeni.

Bluu. Na ile bluu ilikuwa na mawimbi.

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Niliyajua mawimbi yale. Nilikuwa nimeyaona mara moja maishani, kwa rangi nyeupe. Mgeni kafika, nikasema moyoni, na kapitia mlango ule ule.

Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu, wifi yangu, dada yake Fundi, mwenye duka la vifungo na nyuzi mtaa wa pili. Ana miaka hamsini na mitano na mgeni alimpita. Sarafu yake iliangukia upande mzuri, na mpaka leo hajajisamehe kwa hilo. Alinisikiliza huku akipanga nyuzi kwenye rafu.

"Una hakika, wifi?"

"Nimesoma chaki miaka ishirini na miwili."

"Basi usimwambie. Kaka tulimwambia, akaacha kazi wiki hiyo hiyo, akakaa kumngojea mgeni kwenye kiti. Huyu mwache akate mpaka mkono ukatae wenyewe." Akachomeka kibunda kingine cha uzi. "Na mtoto?"

"Mtoto hajambo. Mvivu tu."

"Mtoto wa Fundi, mvivu?"

"Watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi, wifi."

Aliniangalia muda mrefu, kisha akarudi kwenye nyuzi zake. Nami nikaenda zangu nikijiona mtu mwenye siri nzito na akili ya kuibeba.

Wiki tatu niliishi nayo. Suruali zilizopinda nilizirekebisha kimyakimya kwa kula upapi, ile nafasi ya ziada iliyoachwa ndani ya mshono. Fundi nikawa mpole kwake, nikamwongezea sukari kwenye chai bila kuombwa, mpaka akaanza kunikwepa. "Mama Sindano, umeota nini? Unanitisha." Na jambo moja lilikuwa halikai sawa. Kikombe chake kilikuwa hakigongi. Uzi alikuwa akiutunga kwenye sindano mara moja tu, umepita. Ndevu alinyoa bila kujikata. Nikajiambia mgeni ana hila, anajificha mchana. Penye hofu mtu hakosi maelezo.

Jumanne ya wiki hii zilibaki suruali nane. Nilichukua vipande vya moja kuvipiga pasi kabla ya kuunganisha. Kabla ya pasi lazima upige brashi, kwa sababu moto huifanya chaki ing'ang'anie; ila ile ya pembeni huwa siigusi, ili isomeke. Siku ile brashi ikapitiliza mpaka pembeni, bluu ikatoka. Chini yake kulikuwa na njano.

Nilidhani ni macho. Nikapeleka kitambaa dirishani. Ilikuwa njano kweli, yenye mawimbi yale yale, na mkasi ulikuwa umepita juu yake. Bluu ilipakwa baadaye, kitambaa kikiwa kimeshakatwa, ikafuata kila kona ya ile njano taratibu, bila kutoka nje hata mara moja. Mkono uliopaka ile bluu ulikuwa mzima kabisa. Nikachukua kipande cha pili, nikapiga brashi. Cha tatu. Cha nne. Sikuendelea.

Fundi alikuwa mezani anapima kitambaa. Sindano tulikuwa tumemtuma vifungo kwa shangazi yake. Nilimwekea kile kipande mbele yake, upande wa njano juu. Hakuuliza ni nini. Aliweka mkasi chini.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu aliposhika chaki. Labda na kabla ya hapo."

"Na ukanyamaza."

"Ungemgombeza."

Neno hilo liliniingia mpaka leo halijatoka. Nikajikaza. "Fundi, ana miaka kumi na tisa. Huu ni ugonjwa wa watu wazima. Baba yako, kaka yako, wote walifika arobaini kwanza."

"Ile mara ya pili niliyokwenda peke yangu," akasema, na macho yake yalikuwa kwenye kitambaa, "daktari aliniambia kuna watoto ambao ugonjwa huu huwawahi. Wachache, lakini wapo, na mara nyingi ni wale wanaoupata kwa baba. Hao hawatetemeki sana mwanzoni. Wanakakamaa. Wanakuwa wazito. Mwandiko unaharibika, masomo yanawashinda. Siku mwalimu alipotufungulia lile daftari, wewe uliona uvivu. Mimi nilimsikia daktari."

"Kwa nini ukapaka bluu?"

"Kwa sababu wewe unasoma pembeni. Nilitaka ukisoma unikute mimi."

Nikaokota neno la kijinga. "Lakini wewe huna. Mkono wako si huo hapo, mzima? Basi labda ni kitu kingine. Labda upungufu wa damu, labda macho."

"Mama Sindano," akasema polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "angeupata wapi kama si kwangu?"

Akachukua chaki yake akachora mstari kwenye kitambaa, kiunoni hadi kwenye kifundo, bila rula. Ulinyooka kama uzi uliovutwa. Tukautazama wote wawili. Muda wote ule nilikuwa nikingojea sarafu moja ianguke, kumbe zilikuwa mbili na zote zilishaanguka. Nisiwadanganye kwamba nililia. Nilimwonea hasira. Nilimchukia kwa dakika nzima kwa sababu ya ule mstari ulionyooka, kwamba mkono wake ulitulia na wa mtoto haukutulia, halafu nikakumbuka kwamba na wake zamu yake inakuja, nikaona aibu.

"Anajua?"

"Hajui. Anajua baba yake mkubwa alikufaje. Anadhani yeye ana miaka ishirini mbele yake ya kutofikiria." Akafuta vumbi la chaki kwenye suruali yake. "Ijumaa tunakwenda kwa daktari, wote watatu. Yeye ndiye atakayetusaidia kumwambia, na kupimwa ataamua mwenyewe. Kabla ya hapo asishtuke. Nakuomba hilo tu."

Nikaitikia kwa kichwa. Tukasikia hatua nje, zile hatua za Bibi Harusi.

Sindano aliingia na boksi la vifungo kifuani. Mguu haukunyanyuka vya kutosha, ukagonga kizingiti, boksi likamtoka. Vifungo vikatawanyika sakafuni, vingine chini ya cherehani, vingine chini ya meza. Akasimama pale pale mlangoni, na usoni ameshaandaa lile tabasamu lake la kungojea mvua ya maneno yangu.

Mimi nikainama nikaanza kuokota. Kimoja, cha pili, cha tatu. Sikuwa nimekusudia kitu, sauti tu haikuwepo.

"Mama."

"Naam."

"Mbona hunigombezi?"

Nikainua uso. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini limeanza kulegea pembeni. Alimtazama baba yake. Akatazama meza, na kile kipande kilikuwa juu yake, njano hadharani. Akanirudia mimi, na nikaona kwamba kuna jambo anataka kuliuliza na anaogopa jibu. Ijumaa ilikuwa siku tatu mbele.

Nikasimama na vifungo mkononi.

"Nikugombeze mara ngapi wewe?" nikasema. "Una vidole au una vijiti? Mtoto mzima, kutumwa vifungo tu umeshindwa, ungetumwa mayai tungekula nini? Goigoi mkubwa. Okota vyote, na kimoja kikipotea utakwenda kukitoa kwenye koti lako la shule." Nilisema hayo huku nikikigeuza kile kitambaa kwa mkono mwingine, nikakilaza kifudifudi. Sauti ilinirudi yote, nadhani hata mtaa wa pili waliisikia. Nilimwita kila jina nililowahi kumwita, nikatunga na mapya.

Akacheka. Kilimtoka chote, kicheko kile. Akapiga magoti kizito, goti moja kwanza, halafu la pili, akaanza kuokota kifungo kimoja kimoja. Kila kimoja kilimtoroka mara mbili, mara tatu, kabla ya kukamatika. Fundi alikuwa ametugeuzia mgongo, anatafuta rula ambayo ilikuwa ukingoni mwa meza mbele yake.

Nami nikaendelea kumgombeza. Koo lilinikauka na maneno yakaniishia, nikarudia yale yale, kwa sababu kila nilipotua kuvuta pumzi, alikuwa anainua uso kunitazama.