Mwalimu wa "field" aliyewaambia Darasa la Nne B siku atakayoondoka

Wakuu, salaam. Wakubwa wangu shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo nina kisa. Niliyoyaona nitayaandika kama nilivyoyaona, na niliyosimuliwa nitasema nimesimuliwa. Majina nimebadilisha na shule siitaji. Ukiwa mwenyeji wa Arusha ukaitambua, naomba ibaki kwako.

Nafanya kazi na kataasisi kadogo hapa mjini. Ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Tunatafuta vijana waliomaliza chuo juzi juzi, wenye shahada ya ualimu na wasio na ajira, tunawapeleka kufundisha mwaka mmoja kwenye shule za msingi za mitaa ya watu wa kipato cha chini. Posho ipo. Ni ya nauli na chakula, kuiita mshahara nitakuwa nawadanganya.

Mimi ndiye ninayewatafuta hao vijana. Naandika matangazo, nazungumza nao, nakaa kwenye usaili. Kazi hii nilipewa kwa sababu naandika hadithi, na bosi wangu anaamini mtu anayeandika hadithi anaweza kumshawishi yeyote kufanya chochote.

Usaili wetu, wakuu, ukiuona utanyamaza. Vijana wanakuja na mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mmoja alifika na bodaboda, akavua lile koti zito pale mlangoni, ndani kumbe amefunga tai. Abiria wake wa asubuhi hiyo hawakujua wamebebwa na mwalimu wa Fizikia.

Kila mmoja tunamuuliza kwa nini anataka kufundisha shule hizi. Wengi wanasema wanapenda watoto.

Binti mmoja, Nembris, alisema, "Sina kazi, na kukaa nyumbani kunanifanya niwe mkali."

Tulicheka wote mezani. Tukamchukua.

Nembris ni Mwarusha wa Kisongo, amesomea Hesabu na Jiografia. Mrefu, ana sauti ya chini, na anakutazama kama anakusubiri umalize uongo wako ndipo mzungumze. Tulimpeleka shule moja maeneo ya Levolosi, Darasa la Nne B, ambalo lilikuwa halina mwalimu wake tangu shule ifunguliwe.

Mwalimu Mkuu wa pale ni mama wa Kimeru, mpole, aliyechoka. Siku nilipompeleka Nembris aliniambia, "Mwanangu, mimi sichagui. Niletee mtu ambaye hatanikimbia katikati ya mwaka, basi."

Nikamjibu, "Mama, safari hii watakaa."

Sasa kwa ambao hamjui. Wanachuo wa ualimu huenda shuleni kwa mafunzo ya vitendo, na sisi wote tunaita field. Wanakuja na viatu vipya, wanafundisha kwa michoro mizuri ya karatasi za manila, watoto wanawazoea, wiki zinaisha, wanaondoka. Shule za mjini zinawapata wengi. Matokeo yake, kwa mtoto wa shule ile, mwalimu yeyote kijana ni mwalimu wa field. Hata huyu wetu wa mwaka mzima. Hata jina lake hawahangaiki nalo, ni "mwalimu wa field" tu, kama unavyosema mvua za vuli.

Wiki ya pili Nembris alinipigia simu. Amepita nyuma ya darasa, kule kwenye bomba, amekuta wasichana wake wanaimba kwa sauti mbili, vizuri kabisa. Akadhani ni kwaya. Akawauliza wimbo wa nini.

Ulikuwa wimbo wa kumuaga yeye.

"Tunaanza mapema, mwalimu," alimweleza binti mmoja anaitwa Zuhura. "Yule wa mwisho aliondoka ghafla, wimbo ulikuwa bado haujakaa."

Halafu wakamuuliza, kwa adabu zote, kama mtu anayepanga shughuli na anahitaji kujua siku: "Kwani wewe unaondoka lini?"

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo.

Ofisini tulikuwa na jibu la swali hilo. Tuliwafundisha walimu wetu kwenye mafunzo ya mwanzo: mtoto akikuuliza unaondoka lini, mjibu "Nipo," tabasamu, rudi kwenye somo. Tuliamini mtoto akijua mwalimu anaondoka, moyo wake unatangulia kumwacha.

Nembris aliwajibu, "Desemba. Siku mnafunga shule, na mimi ndiyo naondoka."

Kesho yake niliitwa shuleni. Mwalimu Mkuu amekaa, Nembris amesimama, mimi sijui nishike wapi.

"Umewaambia watoto kwamba unaondoka?"

"Waliniuliza, mama."

"Kuuliza wanauliza mambo mengi! Sasa nani atakusikiliza? Si umeshakuwa mgeni?"

"Nilikuwa mgeni tangu siku ya kwanza," Nembris akasema. "Walikuwa na wimbo tayari."

Mwalimu Mkuu akanigeukia. "Na wewe, ndivyo mnavyowafundisha huko?"

Nikasema hapana, sivyo. Nembris akanitazama ile tazama yake.

Tulichotegemea ni darasa kulegea. Yaliyofuata nimesimuliwa na yeye. Wakati wa mapumziko Zuhura alimfuata peke yake, akasimama mlangoni, akauliza, "Desemba ni mbali?"

"Si mbali sana."

"Basi nataka nijue kusoma kabla hujaenda."

Wakuu, mtoto wa Darasa la Nne. Alikuwa amefika pale bila kujua kusoma, na hakuna aliyemshtukia, kwa sababu darasa la watoto wengi vile linasoma kwa pamoja. Mwalimu anasoma sentensi, darasa zima linairudia kwa sauti moja. Zuhura alikuwa na masikio makali. Alifungua mdomo na wenzake, akafunga na wenzake. Angeweza kumaliza la saba hivyo hivyo.

Kilichomfanya ajitokeze ni kwamba sasa kulikuwa na mwisho. Kwa mwalimu anayesema "nipo" unaweza kuahirisha aibu yako mpaka muhula ujao, na muhula ujao ukifika, yeye hayupo.

Nembris akaanza kukaa naye barazani baada ya vipindi. Yeye ni wa Hesabu, hakusomea kufundisha silabi, ila aliniambia hesabu ya maneno haiwezekani kama maneno yenyewe hayasomeki. Wakaongezeka wengine. Kumbe waliokuwa wanaimba sentensi ni wengi.

Halafu ikaja likizo ya Juni, na baridi yetu ile ya asubuhi ambayo Mlima Meru wote unazama kwenye wingu, na Nembris akapigiwa simu kutoka shule binafsi ya bweni upande wa Tengeru. Wanataka mwalimu wa Hesabu aanze shule zikifunguliwa. Mshahara kamili, nyumba ya mwalimu, mkataba. Hawasubiri Desemba.

Makubaliano yetu na walimu ni ya hiari. Sikuwa na kamba ya kumfunga, na hata ningekuwa nayo nisingejua namna ya kuishika. Nembris aliniomba kitu kimoja: niende Kisongo nikamweleze mama yake kwamba hakuna aliyemfunga, maana mama alikuwa anaamini tumemsainisha kitu.

Nilimkuta mama anachambua maharage uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe." Akanipima juu chini. "Kaa hapo. Chai ya maziwa unakunywa, au na wewe ni wa mjini, maziwa yanakusumbua tumbo?"

"Nakunywa, mama."

"Binti yangu anasema unajua kuongea. Haya, ongea."

Wakuu, nimezungumza mbele ya kumbi zilizojaa. Uani kwa mama si ukumbini. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe aliyesoma mpaka shahada aache nyumba na mshahara kwa ajili ya watoto asiowazaa? Mimi mwenyewe nina mshahara.

"Mama, sina cha kusema. Hajafungwa. Akitaka kwenda, aende."

"Basi kunywa chai," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Nembris alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akasema, "Yeyo, Tengeru nitaenda." Yeyo kwa Kimaasai ni mama. "Ila nitakwenda kuwaambia mwenyewe kwanza."

"Kumwambia nani? Mwalimu Mkuu?"

"Na watoto."

Mama alicheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani. "Tangu lini mtoto akaombwa ruhusa? Haya nenda, wakikukatalia uje unieleze."

Shule zilipofunguliwa nilikuwepo. Nilikaa dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu. Nembris alisimama mbele bila chaki, akasema amepata kazi Tengeru, anaanza wiki ijayo.

Nilisubiri kilio. Hakikuja. Zuhura akasimama, kama wanavyosimama wakitaka kujibu swali.

"Ulisema Desemba."

"Nilisema. Mambo yamebadilika."

"Lakini ulisema."

"Ndiyo, Zuhura. Nilisema."

Mvulana mmoja, Ibra, akanyoosha kidole. "Mwalimu, Tengeru si kule kwenye soko? Mbona bibi yangu anaenda Jumamosi na anarudi?"

"Bibi yako si mwalimu!" mwingine akadakia, darasa likaangua kicheko.

Ibra hakuyumba. "Jumamosi kule unafundisha?"

"Jumamosi... sifundishi."

"Basi."

Hiyo "basi" yake, wakuu. Wakili wa miaka mingi asingeitamka vile.

"Jumamosi nafua nguo zangu, Ibra. Napumzika."

"Nusu siku," Zuhura akasema, bado amesimama. "Mpaka Desemba."

Nembris aligeukia ubao, ambao haukuwa na kitu, akaukazia macho. Alipogeuka tena alisema, "Nusu siku. Na atakayechelewa atanikuta nimeanza."

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama dirishani. Alisema atakuja kufungua geti mwenyewe.

Nilitembea kurudi ofisini nikiwaza. Tulikuwa tumetafuta jibu zuri la kuwapa watoto, na tukapata neno laini, lisilo na pembe. "Nipo." Huwezi kulidai neno kama hilo, linateleza. Nembris aliwapa neno lenye mwisho, na hata alipolivunja, lilibaki na mahali pa kushika. Walimrudishia mkononi wakamwambia, hili ni lako.

Nisije nikawapamba, sasa. Jumamosi zile hazikuwa kama sinema. Wengine hawakufika, walikuwa wanawasaidia mama zao kuuza. Kuna Jumamosi Nembris alibanwa na zamu ya bweni, akamtumia Mwalimu Mkuu ujumbe mapema, watoto wakaambiwa, wakarudi nyumbani wamenuna. Siku za kawaida Nne B ilichanganywa na Nne A, na lile darasa lilikuwa soko. Mwalimu mwingine wa kuziba pengo sikumpata mpaka mwaka ukaisha. Vijana walikuwepo. Wakishaambiwa posho ni kiasi gani, wanashukuru na kuondoka kwa adabu.

Jumamosi ya mwisho nilikwenda. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Nembris alimpa Zuhura kitabu ambacho alikuwa hajawahi kukifungua, hivyo masikio yake yasingemsaidia. Ukurasa mmoja, habari ya nyuki. Zuhura akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Alisoma polepole. Sauti ilikuwa ndogo, na ilikuwa yake peke yake. Katikati ya ukurasa akakwama kwenye neno "wanashirikiana." Akasema "wana," akaishia hapo. Ibra akafungua mdomo kumsaidia, Nembris akamzuia kwa mkono bila kumtazama.

Tukangoja. Nje kuna mtu alikuwa anapiga honi. Mimi nilikuwa nalitamka lile neno moyoni kana kwamba lingemfikia.

"Wana... shi. Shiri. Wanashiri... kiana. Wanashirikiana."

Akaendelea mpaka nukta ya mwisho. Zuhura akafunga kitabu, akakirudisha kwa mikono miwili kama watoto wa huku wanavyofundishwa, akamtazama mwalimu wake.

"Haya," akasema. "Sasa unaweza kwenda."

Nembris akatoka nje kwanza, kidogo, kabla ya kurudi kuwaaga.

Nilichojifunza, wakuu. Nilidhani kazi yangu ni kutafuta vijana watakaobaki milele, na kwa posho ile, huo ni uongo ninaoushona vizuri kwa maneno. Kijana aliyemaliza chuo ana maisha yake, ana mama uani anachambua maharage, ana haki ya nyumba na mshahara. Ataondoka. Mtoto wa Levolosi analijua hilo kuliko ofisi yetu, na halimvunji kama tunavyofikiri. Kinachomvunja ni kufika asubuhi akakuta meza ya mwalimu tupu na hakuna aliyemwambia. Siku hizi nikiwafundisha walimu wapya lile jibu la zamani silitumii. Nawaambia wachague neno wanaloweza kulitimiza, waliwekee siku yake, na walitamke mbele ya darasa. Bosi wangu bado hajakubaliana na mimi sawasawa.

Najua humu wamejaa walimu, waliopita field, waliopiga tempo, zile kazi za muda, wakisubiri ajira, na walioacha chaki kabisa wako kwenye mambo mengine. Karibuni mnisahihishe, hasa mlioko madarasani sasa hivi.

Na wewe uliyewahi kufundisha mahali kwa muda mfupi, nina swali moja tu kwako: ulipoondoka, uliwaaga?