Mtambo Ukizimika, Maji Hayasimami

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya swali la mama mdogo Namsifu kwenye simu: "Wewe uliyesoma kemia, hayo maji ya kiwanda niyachukue?" Nyanya zake zilikuwa zinakauka. Kiwanda cha kutia vitambaa rangi, juu kidogo ya mji wa Same, kilikuwa kimeanza kujaza kwa maji yake yaliyoondolewa rangi ndiva, bwawa la wakulima linalofunguliwa kwa zamu. Kesho yake ilikuwa zamu yake.

Njiani, mashamba ya mkonge yakipita dirishani, niliwaza jambo moja. Maji yenye rangi yanaonekana. Yaliyoondolewa rangi, nani atayatilia shaka?

Asubuhi nilikwenda kwanza kiwandani. Elisante, fundi wa mtambo, alinipokea kwa kicheko.

"Karibu, msomi anayeogopa maji!"

Alinionyesha jinsi umeme unavyogeuza hewa kuwa ozoni, na ozoni inavyovunja rangi ndani ya tangi. Maji yaliingia ya buluu, yakatoka maangavu. Palinuka kama hewa baada ya radi.

"Umeme ukikatika?"

"Kuna jenereta."

"Likigoma?"

"Kaka, una maswali kama polisi!"

Kabla sijajibu, umeme ukakatika, feni zikanyamaza. Jenereta likakohoa, likafa. Maji hayakusimama, yanateremka yenyewe. Kwenye bomba la kutokea yakageuka polepole, hadi buluu. Elisante alikimbilia valvu. Haikuzunguka.

Nilishuka mbio hadi kwenye ndiva. Mama mdogo alikuwa ameshika kizibo. Mzee Hamisi, mwenye zamu inayofuata, amesimama na jembe. Maji yalionekana safi kabisa, buluu imemezwa na wingi wake.

"Shikamoo, mama. Usifungue!"

"Marahaba. Una hakika yana sumu?"

"Sina."

Aliondoa mkono kwenye kizibo bila kukivuta.

"Zamu ukiiacha inahama," mzee alisema. "Sasa ni yangu."

"Chukua, baba," mama mdogo alimjibu. "Ila onja kwanza."

Mzee aliinama, akachota kwa kiganja, akayatazama. Akayamwaga, akaketi.

Jioni miche ya nyanya ililala kwa kiu.

Nimerudi Dar. Nilikwenda kuuliza kama ozoni inafanya kazi; inafanya. Nilichojifunza ni kuuliza maji yanakwenda wapi mtambo ukilala.

Leo mama mdogo amepiga simu. Ndiva bado imejaa, hakuna aliyeifungua, na mawingu yametanda milimani.

"Mwanangu," alinong'ona, "ikifurika, maji yataingia mashambani yenyewe. Tangu nizaliwe, sijawahi kuomba mvua isinyeshe."