Filta ya Giaboksi na Kamba za Ndama

Mzee wangu, baba ya watoto wangu, alipokatwa mguu wa kushoto, baada ya mashine ya kupukuchua mahindi kuusaga, hakulia. Alilia siku gari letu la klachi lilipouzwa. Tukabahatika kupata pikapu kuukuu ya mzungu aliyehama, ya automatiki, ambayo mtu huendesha kwa mguu mmoja. Kijiji chote cha Kiplombe kikazoea kumwona akipeleka maziwa mjini, kofia kaiinamisha upande.

Halafu giaboksi ikafa. Akawa anakaa pale ukutani, hali, hasemi, ila kuniuliza tu kamba za ndama ziko wapi. Mimi shule niliiacha nikiwa mdogo, lakini hilo swali nililielewa: hakuzitakia ndama. Kamba zote nikazificha chini ya godoro langu. Ndama wakaingia kwenye kabeji za jirani, nikatukanwa mpaka mama yangu kaburini, lakini kamba sikuzitoa.

Tuliuza ng'ombe tukanunua giaboksi ya gari lililopinduka. Fundi akaifunga, akatuonya: oili hutoka kwenye giaboksi ikaenda kupoa ndani ya rejeta, kisha ikarudi. Ile giaboksi iliyokufa imeacha unga wa chuma humo kwa rejeta. Unga huo ukiingia kwa hii mpya, kwisha. Lazima filta ifungwe kwenye paipu ya kurudi kabla ya gari kuendeshwa. Akatuachia filta ndogo ya chuma yenye mshale wa kuonyesha oili iendako, na klipu zake, akaahidi kuja kesho yake.

Kesho yake vijana wa chama tawala walifunga gereji zote mjini, watu wakapangwe barabarani kumpungia mkubwa anayepita. Fundi hakuja. Kufika mchana mzee wangu alikuwa ameshajikokota mpaka kwa usukani.

"Nitaenda hivyo hivyo."

"Baba watoto, ukienda unaiua."

"Ikufe basi. Tufe wote."

Nilimnyang'anya ufunguo. Nikafunga leso kiunoni, nikatandika gunia, nikaingia chini ya gari na kisu cha jikoni. Paipu zilikuwa mbili za chuma, kila moja imeungwa na rejeta kwa mpira, na zinafanana kama mapacha.

"Ya kurudi ni ya juu," akasema.

"Una hakika?"

Nikamsikia akigonga usukani kwa vidole.

"Mzee, una hakika ama unabahatisha?"

"Mama, usinipigie kelele. Sijui."

Filta ikikaa kwenye paipu ya kwenda, unga ulio kwa rejeta utarudi wote ndani. Nikawaza vile mimi hufanya na maziwa: huchuji yakiwa kwa titi, unachuja yakiingia mkebeni. Lakini hapa paipu ipi ndiyo inaingia mkebeni?

Nikachomoa mpira wa juu kutoka kwa paipu ya chuma, nikaweka sufuria ya maziwa chini, nikamrudishia ufunguo.

"Washa kidogo tu. Nikisema zima, zima!"

Oili ikaruka kutoka kwa paipu ya chuma, upande wa giaboksi, nyekundu, safi. Ikanipiga shingoni.

"Zima! Zima, wewe! Ya juu ndiyo inaenda!"

"Basi nilikosea."

"Ungekuwa mkamuaji, tungekunywa maji."

Nilimsikia akicheka kidogo kwa pua.

Nikaurudisha mpira, nikachomoa wa chini. Matone yakaangukia kiganja changu, na yalimeta kwa ule unga wa chuma. Nikakata mpira katikati, nikaingiza filta, mshale ukiangalia giaboksi, nikaurudisha mpira kwa paipu, nikakaza klipu kwa ncha ya kisu mpaka ncha ikapinda. Oili ya sufuria nikaichuja kwa kitambaa cha maziwa, nikaimwaga tena ndani. Nyingine hatukuwa nayo.

Nikatoka chini ya gari, akawasha. Akatia gia. Gari halikusonga. Nikaona midomo yake inakauka. Sikumwangalia tena, niliangalia lile gunia.

Kisha gari likajivuta, likatoka langoni, likapotea nyuma ya miti ya ua. Nikabaki na masikio tu. Injini ilipanda, ikapanda, ikalia kama nguruwe anayechinjwa, na gia haibadiliki. Nilikaa chini kwa matope. Nikasema, Mungu, basi, nimechoka.

Sauti ikashuka. Gia ikashika, halafu nyingine. Nikasikia honi mbali kule, anawapigia watu ambao hata hawakuwa kwa barabara yetu.

Jioni nilitoa kamba chini ya godoro, nikafunga ndama.