Nilifuata Nyuki Mutomo, Nikarudi na Samadi

Mwaka ule wa sabini na kitu, maboga yangu ya Matinyani yalichanua mpaka shamba zima likawa manjano, halafu matunda machanga yakaoza yakiwa kama kidole gumba. Nyuki wa kuyachavusha hawakuonekana, mizinga yetu nayo mitupu. Nikamlaumu jirani yangu Syombua mbele ya akina mama wa kanisa, kwamba moshi wa tanuri lake la matofali umefukuza nyuki. Akaacha kunisalimia. Ndipo nikaamua kwenda Mutomo kwa kaka yangu Mutua, mfuga nyuki, nimwombe mzinga mmoja wenye nyuki ndani.

Alfajiri nilitembea hadi Kitui mjini, nikadandia lori la mahindi. Kadiri tulivyokwenda kusini, mashamba yalipungua na miiba ikaongezeka.

Saa nane mchana tulifika. Mutua alinipa maji, akacheka. "Dada, nyuki nitakupa. Lakini huko kwenu watakula nini?"

"Maua ya maboga."

"Hayo ni ya mwezi mmoja. Miezi ile mingine je?"

Nikanyosha kikombe aniongeze maji.

Kesho yake alinipeleka porini pamoja na mkewe Ndinda, mwalimu wa sayansi. Migunga mingine ilikuwa imechanua, inavuma nyuki kama posho mill ya kusagia unga. Mingine imeangusha maganda, na mbuzi wanayatafuna.

"Ona, wifi," Ndinda akaniambia. "Mti unalisha nyuki, nyuki anausaidia mti kuzaa. Mbuzi anakula ganda, mbegu inatoka na samadi, inaota mbali. Shuleni tunauita mfumo wa ikolojia. Ukimtoa mmoja, wengine wanayumba."

Uso ukaniwaka. Migunga yote ya mpakani mwa shamba langu niliikata kwa mkono wangu, nikachoma makaa, nikapanua shamba. Syombua hakuwa na kosa.

Siku ya tatu nilipanda lori bila mzinga, ila na gunia la samadi ya mbuzi, imejaa mbegu za migunga. Utingo akashika pua. "Mama, wenzako wanatoa asali Mutomo!" Tulicheka mpaka Kitui.

Matinyani, sikupitia kwangu kwanza. Nilimkuta Syombua akipepeta kunde.

"Nilikusingizia," nikasema. "Miti niliikata mimi. Nisamehe. Nimekuletea hii tupande wote."

Akachungulia guniani. "Mavi?"

"Mavi."

Alicheka hadi ungo ukamponyoka. Kisha akanikazia macho. "Jumapili utasema hivyo mbele ya akina mama walewale."

Nilisema.

Mvua iliponyesha tulipanda mpakani, tukazungushia miiba mbuzi wasile miche. Nilikuwa nimejifunza kwamba nyuki hakai peke yake. Anakaa na mti, na mti na mbuzi, na sisi tumo humohumo. Ilichukua miaka. Siku moja kundi la nyuki likaja lenyewe, ila halikuingia mizingani, likaingia kwenye dari ya kanisa. Jumapili hiyo tuliabudu nje, pasta akihubiri huku akigeuka kila mara kutazama mlango, na hakuna mahubiri yake niliyowahi kuyafurahia zaidi ya hayo.